Pole, Shemeji

Kila Alhamisi saa nne asubuhi mtaa mzima ulikuwa unamsikiliza mke wa fundi makochi, isipokuwa fundi makochi mwenyewe, ambaye alikuwa anajifanya ana kazi nyingi. Redio ilikaa juu ya meza ya cherehani ya mshonaji wake, mama mmoja mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, na fundi hakuwa na namna ya kuizima bila kuulizwa kwa nini.

"Msamaha wa haraka ni kazi nyingine ya nyumbani," mke wake alikuwa anasema redioni. "Mwanamke anapika, anafua, anasamehe. Na vyote vitatu anatakiwa awe amevimaliza kabla wageni hawajafika."

Mshonaji alicheka mpaka mshono ukaenda upogo. "Mkeo ana akili, bwana. Kila nikimsikiliza, nikirudi nyumbani nagombana na mume wangu."

"Malizia huo mto," fundi akasema. "Mwenye kochi anakuja saa sita."

Mke wake alikuwa anafundisha chuo, falsafa ya maadili. Kwa miaka kumi na nne majirani hawakujua hiyo ni kazi gani, mpaka alipopewa kipindi. Ndipo walipoelewa kwamba kazi yake ni kuuliza watu maswali wanayoyakwepa. Wauguzi walimwita akaongee nao, mahakimu wakamwita, na wanawake wakawa wanamsimamisha buchani kumuuliza kama ni lazima wawasamehe waume zao wiki hii. Alikuwa ameandika kitabu kuhusu msamaha na kufiwa, kurasa mia mbili. Fundi alikisoma mpaka ukurasa wa kumi na tisa, akachomeka pini ya kochi pale alipoishia.

Walikuwa na binti mmoja tu. Alikuwa anaongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, kwa hiyo wakamwita Chiriku, na wao wakawa Baba Chiriku na Mama Chiriku. Akiwa na miaka kumi na sita alidondoka kutoka juu ya kochi la watu watatu lililokuwa nyuma ya pikapu, pikapu iliporuka tuta la barabarani kwa mwendo usio na sababu. Dereva alikuwa mdogo wake fundi. Sasa ilikuwa miezi saba.

Baada ya mazishi watu walipata shida kujua wawaite nini wazazi wale. Kutaja jina la mtoto waliona ni kutonesha kidonda. Basi mke akawa Profesa, na mume akawa Mume wa Profesa. Kwa mwanamume aliyeanza kuvalisha makochi akiwa na miaka kumi na nne, na ambaye hakuna kochi mtaani asilolijua mpaka tumboni, kuitwa mume wa mtu si kitu cha kumeza kirahisi. Lakini hakusema. Siku hizo alikuwa na mengi ya kutosema.

Mchana huohuo mama yake fundi alikuja nyumbani kwao, akakaa kwenye kiti kimoja kizuri kilichokuwa sebuleni, akaweka mkoba mapajani. Mkoba ukikaa mapajani, ujue kikao ni kifupi na kizito.

"Jumapili ya wiki ijayo nawataka kwangu," alisema. "Wote. Na Dogo atakuwepo."

Dogo alikuwa na miaka thelathini na tisa na upara, lakini jina lilikuwa limeshamganda. Mahakama ilikuwa imemnyang'anya leseni kwa miaka miwili. Alikuwa anaosha magari palepale alipokuwa akiegesha lake.

"Tutakuja, mama," alisema Profesa.

"Si kuja tu. Nataka umwambie neno moja mbele yangu. Nimekusamehe. Halimalizi hata pumzi moja."

"Kula nitakula, mama. Kutamka sitatamka."

"Kwa nini? Watu wa redioni huwajui hata sura, unawasamehe. Shemeji yako aliyekubebea vyombo siku ya harusi anakushinda?"

"Redioni simsamehe mtu, mama. Nawaambia tu wasilazimishwe."

"Basi hiyo redio inavunja nyumba za watu. Mimi yangu nimeizima tangu mwezi uliopita."

Fundi alikuwa amekaa katikati yao kwenye kochi la nyumbani, kochi bovu kuliko yote mtaani, kwa sababu la kwake hakuna aliyekuwa analisubiri. Springi moja ilikuwa inamchoma paja. Aliiacha.

"Mama, nikuulize," Profesa akasema, taratibu, kama anavyowauliza wanafunzi wake. "Tangu siku ile Dogo ameniambia nini?"

"Amekupa pole. Nilikuwepo. Alilia mpaka shati likaloa."

"Pole alinipa hata muuza mkaa. Pole unampa mtu aliyejikwaa wewe ukiwa umesimama pembeni. Dogo hakusimama pembeni. Dogo alishika usukani."

"Kwa hiyo apige magoti?"

"Sitaki magoti. Nataka aniambie mtoto alipandaje kule nyuma. Kule polisi Dogo aliwaambia mtoto alipanda mwenyewe, yeye hakumwona. Chiriku yupi? Huyu niliyemzaa mimi? Alikuwa hapandi nyuma hata umlipe, anaogopa upepo utamharibia nywele. Alikuwa anakaa mbele anabadilisha stesheni mpaka dereva anachoka. Nataka kujua nani alimpandisha. Mpaka leo kila nikimwuliza, Dogo ananiambia pole, shemeji. Pole, shemeji. Kama amekariri."

Mama mkwe alimgeukia mwanawe. "Na wewe umekaa tu? Sema na mkeo."

Fundi aliinuka akaenda kutazama bomba la jikoni, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena.

Aliyempandisha Chiriku nyuma alikuwa yeye.

Siku ile karakana ilikuwa na kamba moja, na kamba ilishafunga viti viwili. Kochi kubwa likabaki linacheza. Dogo alisema, "Kaka, hii haijakaa sawa, ngoja nikatafute kamba nyingine." Fundi akamwambia mteja ameshapiga simu mara tatu. Kisha akamwita binti yake, aliyekuwa ameshakaa mbele na mkono uko kwenye redio. Akamwambia, "Kaa hapo juu, mama, uliongezee uzito. Ni hapo tu kona." Binti akasema, "Nywele zangu, baba." Akamjibu, "Nywele zinachanwa."

Kituoni, fundi alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, Dogo akamtangulia. Alipanda mwenyewe, afande, mimi sikumwona. Askari akaandika. Fundi akajiambia atasahihisha baada ya mazishi. Halafu baada ya kesi. Halafu Profesa apate nafuu kwanza. Uongo ule ukawa kama kochi la kuazima: ukilikalia miezi saba unasahau kwamba kuna siku mwenyewe atalifuata. Wale ndugu wawili hawakuwahi kuuzungumza hata kwa kukonyezana. Na fundi, Mungu amsamehe, alikuwa anatamani sana Dogo asamehewe. Alitaka mtu mwingine apite ile njia kwanza, aone kama inapitika.

Aliporudi sebuleni mama yake alikuwa ameshaondoka. Kiti kizuri kilikuwa kitupu.

"Bomba limekuwaje?" mke wake akauliza.

"Liko sawa."

"Najua liko sawa," akasema, akachukua karatasi za wanafunzi akaanza kusahihisha.

Alhamisi iliyofuata, saa nne na dakika arobaini, fundi alichukua simu akaenda nyuma ya marundo ya sponji, mahali ambapo aliamini hata ukipiga kelele sauti inamezwa. Namba ya kipindi aliijua kwa kichwa. Alikuwa ameisikia kila wiki kwa miezi saba bila kuisikiliza. Walimwambia asubiri kwenye laini. Alisubiri, akiwa amekumbatia kipande cha sponji.

"Tuna msikilizaji," alisema mtangazaji. "Karibu sana. Unaitwa nani, unatoka wapi?"

"Msikilizaji tu. Mimi ni fundi bomba."

"Fundi bomba, punguza sauti ya redio yako, tunasikia mwangwi."

"Si yangu. Ni ya mshonaji."

Mtangazaji alijaribu kidogo kumwelewa fundi bomba mwenye mshonaji. "Haya. Profesa anakusikia. Uliza."

"Shikamoo, Profesa," fundi akasema. Katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kumwamkia mke wake shikamoo.

Redio ilikaa kimya. Kimya cha redioni kinajulikana, hata mtu aliyesinzia kinamwamsha.

"Marahaba," Profesa akasema.

"Nina rafiki yangu. Naye ni fundi."

"Wa bomba," akasema mtangazaji.

"Wa bomba. Huyu rafiki alikuwa anapeleka mzigo, akapungukiwa kamba. Basi akamwambia mtu akae juu ya kochi ili—"

"Samahani, fundi bomba alikuwa na kochi?"

"Alikuwa anahama."

"Mwache aseme," alisema Profesa. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila wiki, labda chini kidogo. "Msikilizaji, huyo rafiki yako alisema maneno gani? Usinipe maana yake. Nipe maneno yenyewe."

Fundi alitazama sponji. "Alisema, kaa hapo juu, mama, uliongezee uzito. Ni hapo tu kona."

"Na huyo mtu akajibu nini?"

"Akasema, nywele zangu, baba."

Karatasi ilisikika ikisogezwa mezani, basi. Mtangazaji, ambaye hakuwa mjinga, hakuuliza tena habari za bomba.

"Swali lako ni lipi?" akasema Profesa.

"Huyo rafiki ana mdogo wake, ndiye aliyebeba lawama yote. Amebeba mpaka leo. Sasa rafiki yangu anauliza aanze kuomba msamaha kwa nani."

"Asiombe kwa yeyote kwanza. Aseme. Aende akae mbele ya huyo aliyembebea, aseme kwa mdomo wake na kwa jina lake, asitume rafiki. Kuomba msamaha kabla hujasema ulichofanya ni kumtaka mtu atie sahihi karatasi tupu. Watu wengi wanaotiwa karatasi hizo mikononi ni wanawake, na wengi wanasaini, kwa sababu wageni wako mlangoni. Msikilizaji, bado upo?"

"Nipo."

"Mwambie hivyo rafiki yako."

"Na mama yake yule mtu? Yule wa nywele?"

"Huyo ameshasikia," Profesa akasema, na hapohapo fundi mitambo wa studio akaweka tangazo la magodoro.

Fundi alitoka nyuma ya sponji. Mshonaji alikuwa amesimama katikati ya karakana, mkasi mkononi, cherehani imezimwa. Alikuwa amemsikia mara mbili, mara moja redioni na mara ya pili kutoka nyuma ya sponji.

"Fundi bomba," akasema.

Fundi akarudisha simu mfukoni.

"Mimi sijasikia kitu. Ila mtaa mzima umesikia." Aliweka mkasi chini. "Nenda nyumbani kabla hajafika. Usiende na kitu mkononi, ukienda na kitu ataona unamhonga. Mto nitamaliza mwenyewe."

Profesa alirudi saa saba, akavua viatu, akakaa kwenye kile kiti kizuri. Fundi alikuwa kwenye kochi bovu, mikono magotini.

"Ungeweza kuniambia jikoni," Profesa akasema.

"Jikoni unanitazama."

"Ukaona bora nchi nzima ikutazame?"

"Nchi haioni kwenye redio."

"Umenipa shikamoo."

"Ilinitoka."

Kwa dakika moja walikuwa karibu kucheka, kila mmoja peke yake. Ikapita. Kisha Profesa alianza kumuuliza, na alimuuliza kama mtu anayeandika. Chiriku alikaa upande gani wa kochi. Alikuwa amevaa viatu gani. Alinuna au alicheka. Alishika wapi. Fundi alijibu yote. Alipofika kwenye tuta alisema hakuliona, alikuwa amebaki karakana, alikuwa ameshaanza kukata kitambaa cha kazi nyingine.

"Nyingine ya nani?"

Akamtajia. Hata yeye alishangaa kwamba anakumbuka.

Profesa alilia wakati huo, si kwa muda mrefu, akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Miezi saba nimemkazia macho mdogo wako. Nimemwita muuaji mbele ya mama yake mzazi. Na wewe umekaa hapo hapo ulipokaa sasa."

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo kama uko kwenye gwaride."

"Niseme nini?"

"Sijui. Usiseme pole tu."

Alikuwa ameshaifungua midomo. Akaifunga.

Baada ya muda akauliza, "Utanisamehe?"

"Usiniulize hilo."

"Nitajua lini?"

"Sijui. Inawezekana usijue kabisa. Nimeandika kurasa mia mbili na sijui."

"Niondoke?"

"Uende wapi, na makochi ya watu yamejaa karakana? Lala hapa sebuleni. Jumapili tunakwenda kwa mama, na utasema."

Akalala pale. Siku tatu fundi makochi hodari kuliko wote mtaani alilala kwenye kochi lililokuwa linamchoma ubavu, na kila asubuhi akaamka amepinda, akaenda kutengeneza ya wengine. Hakuligusa. Aliona kulitengeneza wakati huu kungeonekana vibaya.

Jumapili mama yake alikuwa amepika mapema na kupanga sahani kabisa, maana alitaka jambo liishe chakula kikiwa moto. Kwa kuwa redio yake ilikuwa imezimwa, na kwa kuwa hakuna jirani aliyetaka kuwa wa kwanza kumweleza, alikuwa mtu pekee mtaani asiyejua habari za fundi bomba. Dogo alikaa karibu na mlango. Mikono yake ilikuwa imechakaa kwa sabuni.

"Haya," mama alisema. "Tumekutana kumaliza. Mkwe wangu, anza."

"Leo si zamu yangu, mama," alisema Profesa.

Fundi akasimama. Hakuwa na haja ya kusimama, chumba kilikuwa kidogo na watu wanne, lakini alisimama. Alisema habari ya kamba. Alisema habari ya mteja aliyepiga simu mara tatu. Alisema Dogo alitaka kutafuta kamba nyingine, naye akakataa, akamtoa mtoto mbele akampandisha nyuma kwa mdomo wake. Alisema kituoni aliusikia uongo na akaunyamazia. Ilimchukua muda mfupi sana. Jambo lililomla miezi saba lilichukua muda wa kuvalisha mto mmoja mdogo.

Mama aliushika mkoba wake, ingawa alikuwa nyumbani kwake. "Na wewe Dogo, ulinyamaza?"

"Nilikuwa namshikia," Dogo akasema. "Niliona ameganda pale kituoni, nikasema nimshikie mpaka mazishi yaishe, atasema mwenyewe. Mazishi yakaisha. Nikawa naona aibu kumuuliza." Akamtazama kaka yake. "Alhamisi nimekusikia. Nilikuwa naosha gari tatu, zote milango wazi, zote redio hiyohiyo. Ulikuwa unasema kwa sauti tatu."

"Ungekuja hata jioni ile, tungeongea," fundi akasema.

"Nilikuwa na kazi."

Kisha Dogo akamgeukia Profesa, na alipata shida kidogo kuanza, kwa sababu ulimi ulikuwa umezoea kwenda njia moja. "Shemeji. Mwendo ulikuwa wangu. Tuta nililiona, sikupunguza. Nilijua yuko nyuma. Hilo la kwangu. Nilikosa."

"Nimesikia," Profesa akasema. "Nami nilikutwisha yote, na yote hayakuwa yako. Nilikosa hapo."

"Nimesikia," akasema Dogo.

Mama alipumua kwa nguvu, akafunua sufuria. "Alhamdulillahi. Sasa Dogo, mpe kaka yako mkono, mwambie yamekwisha, tule. Chakula kinapoa."

Dogo hakunyoosha mkono. Alimtazama Profesa, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana uhakika kama kinauzwa.

"Shemeji, ni lazima?"

"Hapana."

"Basi kaka, usininunie, lakini bado. Leseni imekwenda. Mama hapa alikuwa ananitazama kama mgonjwa. Watoto wangu waliambiwa shuleni baba yenu ameua. Na mimi miezi yote hii sikuweza hata kukukasirikia, kwa sababu nikikukasirikia ningesema. Sijapata nafasi. Nataka nikasirike kwanza."

"Mpaka lini?" akauliza mama, kijiko kikiwa hewani.

"Sijui, mama. Ndiyo kwanza naanza."

Fundi alitaka kusema kitu. Mke wake alimtazama, naye akakaa.

"Kasirika, shemeji," akasema Profesa, akamvutia kiti mezani, upande wake. "Hakuna anayekuharakisha."

Mama alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akaona hakuna wa kumsaidia, akapakua. Wakala. Dogo alikula sahani mbili, amekasirika, na hakuna aliyemwambia akunjue uso.